Maswali yenu kuhusu malipo ya ulemavu

Nimesikia kila mwenye ulemavu analipwa kila mwezi. Nimwandikishe wapi mama yangu? (Ngaramtoni)

Swali hili limejibiwa mara nyingi mno. Malipo hayo ni ya Kenya: mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 za kule kwa mwezi, kwa wenye ulemavu mkubwa. Video za Nairobi zinavuka Namanga, fedha hazivuki. Tanzania Bara hatuna posho ya mwezi kwa kila mwenye ulemavu, na ni aibu yetu, maana Zanzibar inawalipa pensheni wazee wa miaka 70 na kuendelea tangu 2016.

Kilichopo ni ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, kwa kaya maskini sana, ambako ulemavu ndani ya kaya huzingatiwa. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, kwa hiyo familia isiyohudhuria mikutano hujisahaulisha yenyewe. Mwone pia afisa ustawi wa jamii wa kata, mama aingie kwenye rejista ya wenye ulemavu. Akitokea mtu anadai hela ya fomu, huyo ni kishoka. Usimpe hata mia.

Mwanangu ana ualbino. Losheni ya jua nainunua ghali. (Himo)

Uko jirani na inakotengenezwa! Nenda idara ya ngozi ya hospitali ya KCMC, Moshi, uliza losheni ya Kilisun. Hutolewa bure kwa wenye ualbino.

Mashine ya kiwandani imenikata vidole viwili. Bosi kanipa laki tatu, anasema yameisha. (Unga Limited)

Hayajaisha, ndugu yangu. Fidia ya ajali kazini inalipwa na WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri peke yake ndiye anayeuchangia mfuko huo, na haruhusiwi kukukata hata senti kwenye mshahara. Anapaswa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu aijue. Akikaa kimya, ipeleke wewe mwenyewe. Taarifa isipofika ndani ya miezi 12 tangu ajali, haki yako inapotea, na hapa ndipo wengi wanapokwama: wanasubiri hisani ya bosi hadi mwaka unakatika.

Kusanya karatasi leo: cheti cha hospitali chenye tarehe ya siku uliyoumia, hati za mshahara, mkataba, majina ya walioshuhudia. Daktari akiandika "jeraha la mkono" bila kusema limetokea kazini, mrudie arekebishe. Tathmini ya ulemavu wa kudumu ifanyike baada ya kidonda kupona na matibabu kufika mwisho. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Na usisaini karatasi yoyote ya "tumemalizana".

Nimechangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, miaka minne, sasa nina kiharusi. Nitapata pensheni? (Majengo, Moshi)

Huenda. Mambo mawili yanaangaliwa. Kwanza, jopo la madaktari lithibitishe kwamba umepoteza angalau theluthi mbili za uwezo wako wa kujipatia kipato. Pili, michango: miezi 180, au isiyopungua 36 ambayo ndani yake 12 ni ile iliyotangulia ulemavu moja kwa moja. Hiyo 12 ndiyo inayowaangusha watu. Mwajiri anakata, hapeleki, nawe unagundua ukiwa kitandani. Mtume mwanao achukue taarifa ya michango. Kukiwa na mapengo, peleka hati za mshahara zenye makato NSSF, wamdai mwajiri. Mlio wazima, angalieni michango yenu kila baada ya miezi michache!

Ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa wenye ulemavu ni msaada? (Usa River)

Ni mkopo. Hauna riba, unarudishwa. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na wale mnaomweka mwenye ulemavu mbele ili mgawane fedha nyuma yake, mnamwachia deni kwa jina lake. Ni wizi.

Baba ndiye mwenye ulemavu, mimi sina. Niandike kwenye maombi ya mkopo wa chuo? (Tengeru)

Andika. Bodi ya mikopo inazingatia pia ulemavu wa mzazi, lakini bila fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa maelezo yako hayatahesabika. Itafute kabla dirisha halijafunguliwa, maana wiki ya mwisho mganga mkuu huwa hapatikani.