Kabla hujanunua mashine ya pevingi, tafuta rundo lako

Haipiti wiki bila mtu kunipigia simu aniulize mashine ya kufyatulia pevingi, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, inauzwa bei gani. Wengi ni vijana wa huku huku Mbeya na jirani, Uyole, Mbalizi, Tunduma, na siku hizi hata Mafinga na Makambako. Wameona vituo vya mafuta na nyumba za wageni zinavyotandika pevingi uani, wakapiga hesabu kwenye karatasi, hesabu ikakubali. Mimi huwauliza: rundo lako liko wapi? Wengine hudhani nawatania.

Niliyajua haya kwa hasara. Baadaye ndipo nikaja kusoma kwamba kuna Mwingereza alishapita njia hiyo hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kampuni iliyotokana naye ipo mpaka leo.

Jina lake Edgar Purnell Hooley, mhandisi wa barabara wa kaunti ya Nottinghamshire. Mwaka 1901 alikuwa anapita karibu na kiwanda cha kuyeyushia chuma pale Denby, akaona kipande cha barabara kimetulia, hakina vumbi wala makorongo. Akauliza kulikoni. Akaambiwa pipa la lami lilianguka kutoka kwenye mkokoteni likapasuka, na watu wakamwagia mavi ya chuma ya pale kiwandani, yaani taka ngumu inayobaki chuma kikiyeyushwa, ili kufunika ule uchafu. Basi. Hakuna aliyekuwa na nia ya kutengeneza barabara.

Ili uone kwa nini jambo hilo lilimshtua, kumbuka barabara nzuri za wakati ule zilikuwa za mtindo wa John Loudon McAdam, Mskoti aliyefariki mwaka 1836. Yeye alisema udongo wa chini ukikaa mkavu utabeba mzigo wowote, kwa hiyo inua barabara, maji yateremke pembeni, kisha tandaza kokoto ndogo zishikane zenyewe. Kokoto zenyewe zilipondwa kwa nyundo ndogo na watu waliokaa chini kando ya njia, kama kina mama tunaowapita kila siku huku kwetu wakiwa na karai na mwavuli. Mtindo huo ulifaa kwa magari ya farasi. Magari ya moto yalipokuja, matairi yakawa yananyonya vumbi linaloshika kokoto, barabara ikafumuka. Mtu wa Mbeya hahitaji kuelezwa sana kuhusu hilo. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na mafuta ya Zambia kulazimika kupita kwetu, njia hii ya kwenda Tunduma ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na malori yaliyoishia korongoni yalikuwa mengi hadi ikapewa jina la Njia ya Kuzimu. Lami ilikuja baadaye.

Hooley akachukua hataza, hati ya kulinda uvumbuzi wake, mwaka 1902: pasha lami moto, changanya na mavi ya chuma, tandaza, shindilia. Mwaka 1903 akaandikisha kampuni. Ikayumba. Ufundi aliuweza, kuuza kukamshinda. Aliyeichukua na kuisimamisha upya mwaka 1905 kwa jina la Tarmac ni Sir Alfred Hickman, mbunge wa Wolverhampton na mwenye viwanda vya chuma. Mwenye viwanda vya chuma maana yake ni mtu mwenye vilima vya mavi ya chuma vinavyomziba njia uani kwake. Hooley alikuwa na wazo, Hickman alikuwa na rundo.

Mimi nilianza nikiwa Hooley, tena Hooley asiye na hataza. Nilikuwa na mashine, kiwanja cha kupanga Mbalizi na vijana wanne. Saruji haikuwa tatizo, ile ya Tembo inatengenezwa pale Songwe, pua na mdomo. Kilichonimaliza ni mchanga. Kila tripu ilikuja kwa bei ya dereva, na dereva alipandisha bei kila mvua iliponyesha kwa sababu njia ya mtoni haipitiki. Mara mbili nilichukua oda, nikapokea nusu ya fedha, halafu mchanga ukala faida yote kabla sijapanga hata pevingi moja.

Siku moja nilikwenda kwenye machimbo ya kokoto kufuata kokoto za robo tatu. Nikamwona kijana wa tingatinga anasukuma vumbi la kokoto bondeni. Nikamuuliza mwenye machimbo mbona anatupa. Akasema, "Hilo linatujazia nafasi tu kaka, ukitaka beba." Nikabeba. Miezi kumi na minne nililipia vibarua wa kupakia na dizeli, basi, na pevingi zikatoka ngumu kuliko za mchanga wa mto, kwa sababu chembe za vumbi la kokoto zina kona kona na zinabanana.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ndilo ninalotaka usilirudie. Sikuandikishana naye chochote. Mwezi wa kumi na tano akaja mwenyewe kiwanjani kwangu, akasimama mbele ya pevingi zilizopangwa, akazihesabu kwa macho. Hakusema neno. Wiki iliyofuata vumbi likawa na bei, tena bei inayokaribia ya mchanga. Sikumlaumu, rundo lake. Lakini ningemfuata mwezi wa pili na karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, miaka miwili kwa bei ndogo tuliyokubaliana, angesaini huku anacheka. Kitu kikiwa bado taka ndipo mwenyewe husaini haraka.

La pili ni tenda. Kuna mkandarasi, simtaji, alipata kazi ya kutandika maegesho akanipa sehemu yake. Nikafurahi, nikapiga picha. Alichukua mzigo wote kwa mkopo, "cheti cha malipo yangu kikipita tu nakulipa." Nililipwa baada ya miezi kumi na moja, kwa vipande vipande, na katikati hapo niliuza kenta yangu ili vijana wapate mishahara.

Ndiyo maana niliposoma yaliyoipata Tarmac uzeeni nilitikisa kichwa. Mwaka 1999 walijigawa. Upande wa mawe, kokoto na lami ukabaki na jina lake, na mwaka uliofuata ukanunuliwa na kampuni ya madini ya Anglo American. Upande wa kandarasi ukajiita Carillion. Carillion ilibeba tenda za hospitali, reli na magereza, nyingine kwa faida nyembamba kama karatasi, na Januari 2018 ikafilisika ikiwa na madeni ya karibu pauni bilioni 7. Wauza mawe wa mnyororo ule walibadilisha wamiliki tu. Mwaka 2013 shughuli zao za Uingereza ziliunganishwa na za Lafarge, kampuni ya saruji ya Ufaransa, ambao wakati ule ndio walikuwa na hisa nyingi katika saruji yetu ya Tembo, kwa hiyo kwa muda mfupi mfuko wa Songwe na jina la Hooley vilikuwa na ndugu mmoja Ulaya. Mwaka 2015 CRH, kampuni ya vifaa vya ujenzi ya Ireland, ikaichukua Tarmac. Mawe yenyewe hayakuhama.

Sisemi usichukue tenda. Mimi nachukua, ila nusu taslimu kabla ya mashine kuwaka, na tenda moja isizidi theluthi ya mzigo wangu wa mwezi. Mkubwa wa tenda akinuna, anune.

Vumbi nalo lina hila zake. Lipo lenye udongo, na udongo huua saruji. Mama mmoja mponda kokoto alinifundisha: lowesha gao moja, kamua, fungua kiganja. Kikibaki na tope linaloteleza, "mwanangu, hilo kajengee jiko." Ukitaka uhakika zaidi, jaza vumbi nusu chupa ya maji, ongeza maji, tikisa, weka hadi kesho. Tope litakaa juu ya chembe kama malai. Likiwa nene, usinunue. Na mchanga unaponunua kwa tripu, angalia unyevu wake. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, kwa hiyo tipa linaonekana limejaa huku mchanga wenyewe umepungua.

Halafu baridi yetu. Vitabu vya mafundi wa Dar havikuandikwa kwa Juni ya Mbeya. Saruji hukomaa polepole kukiwa na baridi, na mimi sikulijua hilo nilipopakia oda ya nyumba ya wageni siku ya saba kama nilivyozoea. Tulipofika, safu ya chini ilikuwa imemeguka kona zote, na mwenye nyumba, mzee mpole sana, aliokota kipande akakivunja kwa vidole mbele yangu kama mkate mkavu. Nilirudisha mzigo kwa gharama yangu. Tangu hapo, pevingi za Juni na Julai zinakaa chini ya majani na maji siku kumi na nne, na mwenye haraka namwelekeza kwa jirani.