Chumba Berlin: chukua hicho cha Schlachtensee

Mdogo wangu, umeuliza kama ukubali chumba cha hosteli ulichopewa Schlachtensee, pembezoni mwa Berlin, au usubiri cha karibu na chuo, Humboldt. Chukua hicho hicho, tena leo. Foleni ya hosteli za wanafunzi Berlin ni ndefu. Ukisubiri, utamaliza muhula ukilala sebuleni kwa watu. Ni mbali kweli, ila unapanda treni moja tu, S1, hadi kituo cha Friedrichstraße karibu na chuo, unasoma au unasinzia. Na ziwa liko hapo hapo, kiangazi utanishukuru.

Kabla ya kusaini, soma kodi vizuri. Kaltmiete ni kodi ya chumba peke yake. Warmmiete imejumlisha joto na maji, umeme mara nyingi bado. Mimi niliona "kalt" nikashangilia bei, Januari nikalia. Dhamana nayo kisheria isizidi Kaltmiete ya miezi mitatu.

Kubwa zaidi: uliza kama watakupa Wohnungsgeberbestätigung, ile karatasi ya mwenye nyumba kuthibitisha umehamia. Unatakiwa kusajili anwani ndani ya siku 14, na bila karatasi hiyo utakwama, kuanzia benki hadi kibali cha ukaazi. Ndiyo maana vile vyumba vya bei chee vya "bila kujisajili" mimi sivigusi.

Akitokea mtu anadai yuko nje ya nchi, tuma hela akupostie ufunguo, kimbia. Mimi nililiwa euro 400 hivyo hivyo.

Blanketi utanunua huku, usijaze begi.