Shangazi, mwanangu akifunga mdomo mikono hunitetemeka

*Shangazi, mwanangu ana miezi 14. Alizaliwa njiti, akalishwa kwa mpira wa puani kwa wiki 7, na tangu hapo kila nikimsogezea kijiko hufunga mdomo, hujikunja na kutapika. Mlo mmoja huchukua saa moja na nusu. Siku hizi nikisikia tu kijiko kikigonga bakuli, mikono hunitetemeka. Mama mkwe husema sijui kulisha. Usiku nawaza kwamba huenda angekuwa heri bila mimi. Mama Aliyechoka.*

Mwanangu, nimerudia mara kadhaa pale ulipotaja kijiko, kwa sababu mwili unaotetemeka hata kabla mtoto hajakalishwa ni mwili ulioishi na hofu kwa muda mrefu mno, wala si dalili ya uvivu au upungufu wa mapenzi. Mtoto aliyepitishiwa mpira puani hadi tumboni angali mchanga anaweza kujifunza kwamba kinachokaribia uso wake kinaumiza. Anapofunga mdomo anajilinda, hakukatai wewe. Mumeo ndiye amweleze mama yake hayo, kwa heshima.

Wengi walio katika hali yako hujiambia kwamba mtoto akianza kula, nao watapona. Sikubaliani nao. Safari yake inaweza kuchukua miezi mingi, nawe huwezi kuahirisha tiba yako hadi ifike mwisho. Ikiwa huzuni au kukosa usingizi, hata mtoto anapolala, kumedumu wiki 2 au zaidi, mweleze daktari habari zako mwenyewe, si uzito wa mtoto pekee, na lile wazo la usiku ulitaje waziwazi. Likigeuka kuwa wazo la kujidhuru, mwamshe mumeo mwende hospitali usiku huohuo.

Kuhusu mlo, omba rufaa kwa mtaalamu wa matatizo ya kula na kumeza, na usichelewe ikiwa mtoto hukohoa au hupaliwa anapokula. Kwa idhini ya daktari anayefuatilia uzito wake, mlo usizidi nusu saa, kisha bakuli liondolewe bila kumlazimisha, maana kulazimishwa huzidisha kukataa. Mlo mmoja kila siku alishe baba yake, nawe utoke nje kabisa, mahali usipokisikia kijiko. Ukirudi, mpakate tu, pasipo chakula chochote karibu.