Kabla hujaenda kuogelea na potwe Mafia, anza na bomba la kupumulia hapa hapa ufukwe wa Raskazone, Tanga

Sisi watu wa Tanga papa tunamjua akiwa ng'onda, kwenye nazi, pembeni ugali, ndo maana niliposema nimeogelea na papa, mama mdogo aliniuliza, "mwanangu, umechoka kuishi?" Namuelewa kabisa. Ila huyu ni potwe, yule wa Mafia, ambae Kenya wanamuita papa shilingi kwa ajili ya yale madoa meupe mgongoni. Ndo samaki mkubwa kuliko wote duniani lakini chakula chake ni uduvi na vijidudu vya baharini, anapanua domo anachuja maji, basi, hana habari na wewe.

Hofu yako iweke kwingine. Iweke kwenye miwani na bomba la kupumulia.

Mara ya kwanza nilichanga hela mwaka mzima, basi mpaka Dar, nikapanda gari Mbagala mpaka Nyamisati, boti mpaka Kilindoni. Asubuhi tukatoka, nahodha akaona mgongo, akazima mashine, tukaambiwa haya shukeni, mimi nikaruka kwa kujiamini maana nimekua naogelea toka mdogo, kumbe kuogelea ni kitu kingine na kupumua kwa mdomo uso ukiwa ndani ya maji ni kitu kingine kabisa, miwani ikajaa maji, nikavuta pumzi kwa pua, nikameza chumvi nikapaniki nikang'ang'ania ngazi ya boti. Potwe akapita. Wenzangu wamemuona, mimi sikuona hata mkia. Nililia njia nzima ya kurudi.

Kwa hiyo nilivorudi nikaazima miwani na bomba, kila Jumamosi maji yakijaa naenda Raskazone, nasimama kina cha kifuani nalaza uso tu, napumua polepole. Temea mate ndani ya kioo usuuze, kinapunguza ukungu. Bomba likiingia maji puliza kwa nguvu mara moja, kama unapuliza jiko la mkaa. Na dada zangu tunaojistiri, hakikisha ushungi au nywele hazipiti chini ya mpira wa miwani, uzi mmoja tu unaingiza maji, mimi hilo ndo lilinimaliza siku ile. Afu dera usiingie nalo baharini jamani, linakuzonga miguu, vaa taiti na blauzi ya mikono mirefu inayobana, na jua pia litakuunguza kidogo tu.

Jambo lingine ni boti. Ile ya kwanza tulijazana, hatukuelekezwa chochote, watu wakaanza kumkimbiza mnyama mpaka mmoja akamshika mkia, iliniuma sana. Safari ya pili kabla sijalipa niliuliza: tunaingia wangapi kwa mara moja, muongozaji anaingia na sisi majini au anabaki juu, maboya yapo ya watu wote? Huyu nahodha alituweka chini akatueleza kabisa, mita 3 kutoka mwilini, mita 4 kutoka mkiani maana ule mkia ukikupiga utaumia, usimkatize mbele, usimguse, usipige picha kwa flashi, na ingia kwa kuteleza sio kujirusha tubwi, akikereka anazama chini na ndo basi tena. Ukimkuta anaekuahidi utamshika, tafuta mwingine.

Nenda msimu wa kaskazi, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, na toka asubuhi bahari ikiwa shwari. Kama bahari inakulevya, kunywa chai ya tangawizi na kula kidogo, usiende na tumbo tupu.

Mara ya pili nimeteleza majini, nikalaza uso, nikapumua kama nilivozoea, kwanza naona ubuluu mtupu, afu madoa, yani madoa yanakuja tu hayaishi, domo wazi, samaki wadogo wa chazo wamemganda tumboni, kijicho kidogo kikapita pale pembeni yangu. Nilisikia pumzi yangu tu ndani ya bomba. Alipita taratibu kama daladala inayosubiri abiria.

Mdogo wangu nae anataka kwenda kaskazi ijayo. Jumamosi hii maji yakijaa namshusha Raskazone, kina cha kifuani.