Altrasaundi safi, maumivu palepale

SWALI: Nina miaka 28, nimeolewa miaka mitatu na bado sijapata mtoto. Kila mwezi hedhi inanilaza siku tatu. Tendo la ndoa linauma, na siku za hedhi hata haja kubwa inauma. Mama mkwe anasema ni chango, nikizaa litaisha. Altrasaundi mbili zimetoka safi. Siku hizi nalia ovyo, na mume wangu ameanza kuninyamazia. Au ni mawazo yangu tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana, dada. Si mawazo yako. Maumivu ya aina hiyo yanatufanya tushuku endometriosisi: tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, hata kwenye utumbo, na kuacha makovu yanayogandisha viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban 10% ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanao ugonjwa huu. Vidonda vidogo havionekani kwenye altrasaundi ya kawaida, kwa hiyo picha safi haimaanishi huumwi. Mimba nayo si tiba. Wapo wanaopata nafuu kwa muda, kisha maumivu yakarudi.

Ukienda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, nenda na kidaftari. Kila siku andika maumivu kwa alama 0 hadi 10, idadi ya pedi, dawa uliyomeza na saa yake, na kazi uliyoshindwa kufanya. Ukisema "tumbo linauma" tu, utarudi na panadoli.

Kwa maumivu, ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, ukiwa umekula, huanzwa siku moja kabla ya hedhi au mara dalili zinapoanza. Wengi husubiri mpaka wajikunje kitandani. Wakati huo kemikali inayoleta maumivu imeshajaa, na dawa hii huzuia isitengenezwe, haiondoi iliyokwisha kutengenezwa. Usiitumie kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayoamshwa na dawa hizi. Hedhi ikichelewa, pima mimba kwanza.

Vidonge vya majira, vikimezwa mfululizo bila mapumziko, huwapunguzia wengi maumivu. Matone ya damu ya miezi ya mwanzo ndiyo huwakatisha tamaa wakaacha mapema. Lakini vinazuia mimba, basi mwambie daktari mapema kuwa mnatafuta mtoto. Miaka mitatu ni mingi: mpimwe wote wawili, na mbegu za mume zipimwe pia.

Sasa machozi. Maumivu hukunyima usingizi, na ukikosa usingizi maumivu huzidi. Juu yake unaambiwa unajidekeza. Nani asingelia? Hali hiyo itaje kliniki kama unavyolitaja tumbo, na uombe kuonana na mshauri wa afya ya akili. Nenda na mume asikie mwenyewe kwamba unapomkwepa hujamchoka, unaumia. Kubalianeni kwamba ukisema "inauma" mnaacha hapo hapo.

Huzuni ikidumu wiki 2 na hakuna kinachokufurahisha, usisubiri tarehe ya kliniki. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.