"Ole, ole" siyo toba: namna ya kufundisha Ufunuo 16 hapa Goma

Ujumbe umetufikia kutoka kwa kiongozi wa seli moja ya maombi huko Ndosho, kartie ya hapa Goma. Alifundisha vitasa saba vya ghadhabu ya Mungu, yaani Ufunuo 16, kwenye mkesha. Watu walilia, wengine walianguka, waombaji hawakutosha. Wiki mbili zimepita na, kwa maneno yake, "kila mtu yuko palepale alipokuwa". Anauliza amekosea wapi, na anaomba mpango wa kufundisha upya.

Ndugu yetu, hauko peke yako. Ulichukua sura inayosimulia jinsi mapigo yalivyoshindwa kuwageuza watu, ukaifanya iwe pigo ili watu wageuke. Sura yenyewe ilikuwa imekuonya. Tuliwahi kuandika jambo hili hapa, tukaambiwa sisi ni watu wa herufi, hatuna Roho. Sawa. Tuhesabu basi herufi hizo, maana wengi wanaohubiri kitabu hiki hawajawahi kuzihesabu.

Chukua Biblia na kalamu ya rangi. Soma Ufunuo wote kwa siku tatu, na kila unapokuta neno la kutubu, piga mstari. Kwa Kigiriki kitenzi hicho kinakuja mara 12. Tafsiri yako inaweza kupunguza moja kwa sababu ya namna ya kusema. Mara 8 ziko sura ya 2 na ya 3, kwenye barua kwa makanisa. Mara 4 zilizobaki ziko katikati ya mapigo: 9:20, 9:21, 16:9 na 16:11. Hizo nne zote ni za kukanusha: hawakutubu. Amri yenyewe, "tubu", hutaipata nje ya zile barua. Wanaoambiwa ni Efeso, Pergamo, Sardi na Laodikia, na huko Thiatira kuna mwanamke aliyepewa muda atubu akakataa. Smirna na Filadelfia peke yao hawakuguswa. Kwa hiyo kati ya makanisa saba, matano yana kesi, na kesi hiyo inasomwa kabla muhuri wa kwanza haujafunguliwa.

Umeona tatizo? Mahubiri mengi ya siku za mwisho mjini kwetu yanaelekezwa nje: kwa walevi wa Birere, kwa wanasiasa, kwa wazungu, kwa kanisa la jirani. Yohana anaanza na wale ambao tayari wana sare ya kwaya.

Sasa rudi sura ya 16, ina mistari 21 tu. Isome kwa sauti bila maelezo, pole pole. Kwanza neno lenyewe: Biblia ya Union inasema "vitasa", na msikilizaji aliyezoea Kiswahili cha Tanzania anaweza kuwaza kitasa cha mlango. Sema mabakuli, watu waone kitu kinachomiminwa. Kisha waonyeshe mistari mitatu. Mstari wa 9: jua linawaunguza, wanalitukana jina la Mungu, hawatubu wala kumpa utukufu. Mstari wa 11: wanatafuna ndimi kwa maumivu, wanatukana, hawatubu. Mstari wa 21: mvua ya mawe, kila jiwe uzito wa talanta, yaani kilo 30 hivi au zaidi, mzigo unaopita mfuko wa unga wa kilo 25. Wanatukana. Na hapo neno la kutubu halitajwi tena, hata kwa kukanushwa. Mwalimu akifika mstari huo anyamaze kidogo. Asiongeze sono, yaani sauti ya vipaza sauti.

Jambo lingine la kuandika ubaoni ni vipimo vya mapigo, maana yanakuja kwa safu tatu: mihuri, baragumu, mabakuli. Kwenye mihuri, wale wapanda farasi wanapewa robo ya nchi (6:8). Kwenye baragumu ni theluthi: theluthi ya miti, ya bahari, ya mito, ya jua. Kwenye mabakuli hakuna sehemu tena, ni bahari yote. Chora duara tatu kwa chaki, paka ya kwanza robo, ya pili theluthi, ya tatu yote. Hata mama asiyejua kusoma ataelewa kwamba kilichoachwa bila kupakwa kilikuwa nafasi. Halafu tazama mapumziko. Kati ya muhuri wa sita na wa saba kuna sura nzima, ya 7. Kati ya baragumu ya sita na ya saba kuna sura ya 10 na sehemu kubwa ya 11. Kati ya bakuli la sita na la saba? Mstari mmoja unaokatiza, 16:15: naja kama mwivi. Nafasi ya kupumua imebanwa mpaka ikawa sentensi. Hesabu hii ukiifundisha vizuri inafanya kazi kuliko kelele za saa tatu.

Mahali wengi wanapopotea ni kudhani kwamba mtu aliyeogopa ametubu. Hapa Goma hatuhitaji kwenda mbali. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano yetu Nyiragongo ilipasuka. Mbingu ikawa nyekundu, watu wakabeba magodoro na watoto, wengine kuelekea Gisenyi, wengine Sake. Siku tano baadaye, kwa matetemeko yaliyofuata, amri ikatoka ya kuhama sehemu kubwa ya mji. Ni maombi mangapi yalisemwa barabarani usiku ule? Na ni mangapi kati yake yalikuwa ya aina ya Farao? Maana Farao naye alikiri. Baada ya mvua ya mawe alisema amekosa, BWANA ndiye mwenye haki (Kutoka 9:27). Mistari saba tu mbele, mvua imekatika, anazidi kufanya dhambi. Na baada ya vyura, maandiko yanataja sababu wazi: alipoona pana nafuu, akaufanya moyo wake kuwa mzito (8:15). Nafuu ndiyo ilimharibu. Mtu wa kartie yako aliyeuza parseli moja, yaani kiwanja kimoja, kwa watu wawili, usiku wa volkano alimwahidi Mungu kurudisha dola za yule wa pili. Mbingu iliporudi nyeusi, ahadi nayo ikapoa, ngumu kama mawe tunayojengea kuta.

Tukiwa hapo, onyo kali. Usimwambie mtu yeyote kwamba lava ya 2021, au ile ya tarehe 17 Januari 2002 iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani, au ya tarehe 10 Januari 1977, iliwachagua waliokufa kwa sababu ya dhambi zao. Yesu alilijibu swali hilo. Watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu (Luka 13:4-5). Halafu akawageukia waliomsikiliza: msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vilevile. Anafunga mlango wa kuwahukumu wafu na kufungua wa kujihukumu. Mhubiri anayetaja majina ya makartie yaliyochomwa kana kwamba anasoma hukumu amefanya kinyume cha Bwana wake, hata akiwa na Biblia ya ngozi mkononi. Mlima una sababu zake zinazopimwa na watu wa Observatwari ya volkano. Kazi yako ni watu waliobaki.

Kuna pia hukumu isiyo na moto, na hii husahauliwa. Warumi 1 inasema mara tatu kwamba Mungu "aliwaacha" (mistari 24, 26, 28). Hakuna ngurumo, hakuna nzige. Watu wa upande wa Sake na Bulengo wanajua mazuku: ile hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayolala mabondeni na mashimoni. Haina harufu, haina rangi. Mtu mzima aliyesimama haoni kitu, mbuzi aliyeinamisha kichwa anaanguka. Mfano huo utumie kwa moyo mgumu. Mtu anazidi kushuka kidogo kidogo na hakuna kinachomuuma. Anasema mambo yangu yanaenda vizuri, Mungu ananibariki.

Machozi pia yanadanganya. Sura ya 18 watu wanalia sana: wafalme, wafanyabiashara, wenye merikebu. Makundi matatu, kila moja linasimama mbali, kila moja linasema "Ole, ole". Hakuna anayesema nimekosa. Mstari wa 11 unatoa sababu ya kilio cha wafanyabiashara: hakuna mtu anunuaye bidhaa yao tena. Orodha ya bidhaa inaanza na dhahabu na kuishia na roho za wanadamu (18:12-13). Isome pole pole mbele ya watu wanaoishi katika jimbo la koltani, madini yanayochimbwa kwetu. Usieleze. Watajieleza wenyewe kuhusu mzigo uliopita kwenye migongo ya nani.

Halafu mstari wa 9:21, dhambi nne: uuaji, uchawi, uasherati, wivi. Hapa mkutano hulipuka kwenye neno uchawi, na mara watu wanaanza kutazamana, na kesho yake kuna bibi kizee au mtoto yatima aliyetajwa. Simama hapo. Andiko linasema "uchawi wao". Kila mtu na wake. Hakuna aliyepewa kutubia uchawi wa jirani, wala kumfungia mtoto bila chakula siku tatu ili akiri. Anayefanya hivyo amehama safu, ametoka kwenye dhambi ya pili ameingia ya kwanza. Ukiona mtu anaanza kunyoosha kidole, funga Biblia, imbeni wimbo mmoja, rudi na neno "wao".

Usisahau nani anakaa mbele yako kwenye benchi. Katika seli ya watu ishirini Goma, kuna mama aliyezika watoto kwa vita, kuna kijana aliyetoroka Masisi. Kwao hukumu ni habari ya kwamba kesi yao haijafungwa. Roho za waliouawa zinauliza "hata lini" katika 6:10, na malaika wa maji anajibu katika 16:5-6: walimwaga damu, wamepewa damu wainywe. Ukiihubiri sura hii kama fimbo kwa kila mtu sawasawa, unampiga aliyekwisha kupigwa. Mwambie kwanza kwamba Mungu ameiona damu. Ya kwake atayatubu bila kusukumwa.

Sasa mpango, maana ndugu ameomba mpango. Wiki nne, saa moja na nusu kila mara, alasiri, watu wafike nyumbani kabla ya giza. Wiki ya kwanza ni sura ya 2 na ya 3 peke yake: kila mtu anachagua barua moja inayofanana na kanisa letu, siyo na kanisa la wengine. Wiki ya pili Farao, Kutoka 8 na 9, mkitafuta kila mahali nafuu ilipokuja na alichofanya baadaye. Wiki ya tatu Ufunuo 9 na 16 pamoja na duara za chaki. Wiki ya nne, Luka 3:10-14.

Hiyo ya nne ndiyo watumishi wengi huiruka, nayo ndiyo mzizi. Watu wanamuuliza Yohana Mbatizaji "tufanye nini?" na hatoi hata ombi moja la kurudia baada yake. Mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya kilichoamriwa. Askari asimdhulumu mtu, asishitaki kwa uongo, atosheke na mshahara wake. Vyote vinahesabika. Tafsiri kwa hapa: anayekusanya pesa kwenye bariera, mwenye mizani soko la Kituku, mwenye nyumba aliyechukua garanti, yaani kodi ya dhamana, ya miezi sita na kumfukuza mpangaji mwezi wa pili. Wape karatasi ndogo. Mistari mitatu: nimemdhulumu nani, kiasi gani, nitaanza kurudisha siku gani. Karatasi isikusanywe na isisomwe mbele ya watu; kila mtu achague mmoja wa kumwonyesha. Ukizikusanya, wiki ijayo kartie nzima itazijua, na hakuna atakayeandika tena.

Makosa tunayoyaona kila mara: kuita watu mbele wakati kinanda kinapigwa kwa nguvu, kuanza na 666 kwa sababu watu wanaipenda, kufuatilia kwenye simu kama mto Frati wa 16:12 umekauka na kumaliza saa nzima, kutaja tarehe. Na kubwa kuliko yote, kumaliza kwenye hofu. Kuna mahali pamoja tu katika mapigo ambapo watu wanampa Mungu utukufu: 11:13. Tetemeko, sehemu ya kumi ya mji imeanguka, watu 7,000 wamekufa, waliosalia wakaogopa na kumtukuza Mungu. Tazama kilichotangulia: mashahidi wawili waliovaa magunia, siku 1,260 za kushuhudia, wakauawa mjini humo humo. Tetemeko peke yake lilikuwepo pia chini ya muhuri wa sita, na pale watu waliiomba milima iwaangukie. Kule walikosa mashahidi. Ndugu wa Ndosho, magunia ni yako, tetemeko mwachie mwenyewe.

Yule mtunza shamba wa Luka 13 aliomba mwaka mmoja zaidi kwa mtini usiozaa, na katika mwaka huo aliahidi kupalilia na kutia samadi. Fanya vivyo hivyo. Wiki ya tano, kabla hamjafungua sura ya 17, muulize faragha yule wa parseli amekwisha kurudisha dola ngapi.