Lori la jeshi: usianzie kwenye springi

Bedford MJ yangu, lori la zamani la jeshi la Uingereza, ilifika Mafinga bado na rangi yake ya kijani, na kabla hata sijamwaga oili ya zamani nilishamlipa fundi aongeze majani matatu ya springi kila upande wa nyuma. Gari likainua mkia kama nge. Nikajiona mjanja.

Lori hilo jeshini huhesabiwa la tani 4, lakini hizo ni tani za porini. Angalia M35, lori la jeshi la Wamarekani: tani mbili na nusu nje ya barabara, tano kwenye lami. Kwa hiyo akiba ipo kweli. Kosa langu lilikuwa kudhani imefichwa kwenye springi.

Nikapakia mbao za paini za Sao Hill, kama tani 7, safari ya Morogoro. Hadi Iringa raha tupu. Mteremko wa Kitonga ndio ulionisomesha: harufu ya lainingi za breki ikaanza kwanza, halafu moshi, halafu pedeli ikazama hadi chini. Nilishuka kwa gia namba mbili na dua. Zile springi mpya? Zimenyooka kama askari wa gwaride, hazina habari.

Breki za gari hili ni za mafuta zikisaidiwa na upepo, na mafuta yaliyokaa miaka huwa yameshanyonya maji. Yakipata moto mteremkoni, yanachemka. Ningerudi nyuma, hela ya kwanza ingekwenda huko: mafuta mapya, lainingi, mipira yote, na drami zipimwe, zisikadiriwe kwa macho.

Kisha tairi. Bedford ina tairi moja moja nyuma. Soma namba ya uwezo wa mzigo ubavuni: 154 maana yake tairi moja inabeba kilo 3,750, mbili kilo 7,500, na humo umo uzito wa ekseli na bodi, si mzigo peke yake. Mafundi watakushawishi uweke tairi pacha. Nilikataa, kwa sababu kwenye tope la msituni tairi ya nyuma inafuata njia iliyokwisha kanyagwa na ya mbele. Pacha inachimba njia yake mpya na kubana mawe katikati. Kama wewe ni mtu wa lami tu, nunua Fuso, tusidanganyane.

Chesisi nayo imetengenezwa ijipinde. Mimi nilichomelea bodi moja kwa moja juu yake, ikapasuka nyuma ya kebini. Fundi akabandika bamba lenye ncha za mraba. Miezi michache, ufa mpya palepale bamba linapoishia. Ncha zikatwe mshazari, bodi ifungwe kwa bolti, na usichomelee wala kutoboa ukingo wa juu au wa chini wa chesisi. Yu-bolti, zile zinazoshika springi kwenye ekseli, kaza tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Ukifika mizani, tazama kila ekseli, usiridhike na jumla. Mbao ndefu zinazoning'inia nyuma zinaipunguzia uzito ekseli ya mbele, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza.

Siku hizi nimetoa majani mawili kati ya yale matatu. Napakia tani 5 na nusu, kutoka msituni hadi Mafinga mjini. Mzigo wa Morogoro nampa jirani mwenye Fuso.